Shanga kwenye Picha

Bombei

Dada yangu Zena, Mlingotini,

Shikamoo dada. Wanao hawajambo? Na mama, miguu yake inaendeleaje? Mimi nipo, ila nimechoka. Nakwambia wewe kwa sababu kila anayeniuliza hapa namjibu sijambo, na kusema sijambo nako kumenichosha. Barua hii isome peke yako.

Ule ugonjwa wa kizazi ulionitoa nyumbani waliuchoma kwa radiamu, moto usioonekana, na damu ikakatika. Nikadhani yamekwisha. Mwaka haujageuka, tumbo likaanza kuninyonga, na nikienda chooni natoa damu. Daktari akasema huenda ugonjwa umerudi, na kama umerudi hana la kufanya. Au huenda ni utumbo tu umeungua kwa ule moto wa dawa. Hajui mpaka apige picha.

Dada, picha hiyo usiiombe. Nilishindishwa na njaa, nikanyweshwa mafuta ya mbarika ya kuharisha, kisha wakanilaza ubavu wakanitia kwa nyuma, kwa mpira, uji mweupe kama chokaa ili utumbo uonekane. Wanaume wawili chumbani. Nilifumba macho nikasoma sura zote ninazozijua. Waliniambia nivue kila kitu nivae kanzu yao, nami nilivua, hata kipini. Shanga sikuvua. Nani anavua shanga za kiunoni mbele ya wanaume?

Kesho yake daktari akaishika picha dirishani. Utumbo ule pale, na juu yake punje zimejipanga mistari mistari, zimeziba pale pale alipotaka kupaona. Akamwita Bi Shirini, mfagiaji wa wodi aliyezaliwa Unguja, aniulize nimemeza nini. Bi Shirini kutazama tu, akajifunika mdomo kwa upindo wa sari. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, uliingia nazo?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Alichopaswa kukiona mume wangu peke yake, wamekishika dirishani. Ikabidi yote yarudiwe, njaa, mafuta na mpira. Bi Shirini akaukata uzi kwa mkasi, akanifungia shanga kwenye leso. Tangu somo yangu anifunge nilipovunja ungo sijawahi kukaa bila shanga, na hapo ndipo nilipolia.

Picha ya pili ikatoka safi. Ugonjwa haujarudi, alhamdulillahi. Ni ule moto: kipande cha utumbo kimeungua, kimekuwa chembamba kama utambi. Watakikata, na haja itapitia kwenye tundu ubavuni, pengine maisha yangu yote. Nilimwambia Bi Shirini amwulize daktari kama nitaishi. Akasema nitaishi. Nimefurahi, dada, lakini hata furaha yenyewe nimeipokea nimelala.

Mume wangu Athumani alipotoka bandarini nikamweleza yote. Alichukua leso yenye shanga, akakaa kitandani akazitunga mwenyewe, kwa vidole vile vya kubeba magunia. Amezitunga fupi, maana nimekonda. Zilizobaki amezirudisha kwenye leso, anasema nitanenepa.

Mpe mama salamu, umwambie napona, hayo mengine yaache. Wabusu wanao. Na somo yangu, Bi Mwanaidi, mshikie miguu. Alinifundisha yote ya mwili wa mwanamke, ila hili halikuwamo. Mwulize faraghani: mwanamke mwenye tundu ubavuni hufunga shanga juu yake, au chini yake? Nataka kujua kabla hawajanikata.

Mdogo wako anayekupenda,
Mwanahawa