Albamu Moja kwa Sikio Lililobaki

4 Machi

Kwa mdogo wangu mpendwa, Bi. Kelele,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima, nikitaraji kwamba barua hii itakukuta mzima wa mwili na mchangamfu hapo katika duka lako la muziki. Hali yangu ni ya wastani, nami nitaieleza kwa utaratibu wake.

Kwanza, habari yako kwamba bendi ya Kutu itatoa albamu mpya mwezi Julai, baada ya kimya cha miaka tisa, niliisoma nikiwa nimesimama, nikalazimika kuketi. Jina lake Majivu Saba! Nyimbo saba, magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi yakanguruma, na mpiga ngoma yule yule asiyejua huruma! Mtu wa miaka arobaini na sita hapaswi kurukaruka chumbani peke yake. Nilirukaruka.

Pili, sikio la kushoto limekwisha kazi. Daktari asema la kulia litafuata nisipoondoka kwenye mtambo wa kugonga vifuniko vya sufuria, ambao nimesimama mbele yake miaka kumi na tisa pasipo kupewa kizibo cha masikio. Ndiyo maana simu imenishinda, na kwa sasa barua ndiyo itakayotukutanisha.

Nimemwandikia meneja ombi la kuhamishiwa ghalani. Wenzangu, ambao huniita Katibu kwa kuwa ndimi niwaandikiaye maombi yao, wasema halijapata kuandikwa ombi kama hilo hapa kiwandani. Nimeambatisha orodha ya albamu thelathini na moja, nikionyesha dakika na sekunde ya kila sauti niliyokuwa nikiisikia, na ambayo sasa siisikii. Nani atapinga ushahidi wa namna hiyo? Kilichopungua ni shahidi. Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba sikio langu ni la mtu aliyejifunza kusikiliza.

Nataka Julai inikute na sikio moja. Kwa sasa sina haja nyingine.

Ni mimi, kaka yako mkubwa

15 Machi

Kaka Katibu, shikamoo.

Mimi sijambo, ila jirani wa duka amenishtaki tena kwa mwenye jengo, eti muziki wangu unampasulia vioo. Nimemwambia, "Baba, vioo vyako vina nyufa tangu mimi sijazaliwa." Kanuna huyo!

Ushuhuda huu hapa, nimeutia na mhuri wa duka. Nimeandika ulivyoagiza, halafu kwa jinsi ninavyokupenda nikaongeza chumvi: kwamba kwa miaka ishirini umesikiliza muziki mzito kila siku iendayo kwa Mungu, hedifoni masikioni, sauti hadi mwisho, na hakuna fundi wa studio anayekufikia. Wakisoma hiyo watakuhamisha mbio.

Sasa shika kiti. Yule mama wa muziki wa majaribio, anayerekodi pampu za maji na kuzigeuza nyimbo, naye ametoa mpya. Dakika arobaini za pampu moja inayokufa! Nimeicheza mara mbili, nikalia, mteja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai u mzima, kama ninavyokuombea. Jibu la meneja limetoka. Nalinakili pasipo kuongeza hata nukta: "Kwa ushahidi wa mwombaji mwenyewe, pamoja na wa dada yake, imebainika kwamba masikio yake yameharibiwa na muziki anaousikiliza nyumbani. Kiwanda hakihusiki. Aendelee na kazi yake."

Lilisomwa hadharani, mbele ya mitambo. Msimamizi akapaza sauti makusudi ili nimsikie: "Katibu! Umejishtaki mwenyewe, ukajitolea ushahidi, ukajifunga! Rudi kagonge vifuniko, hiyo nayo si ngoma?" Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikutaka waone mdomo wangu ukifanya jambo jingine.

Nakuomba usijilaumu. Chumvi uliitia kwa mapenzi; mimi na wewe twajua kwamba sauti siipandishi kupita nusu. Kosa la hoja ni langu. Nilitaka waone thamani ya kilichoibwa, nikawakabidhi na mtu wa kumsingizia.

Nimekata rufaa, kurasa tisa. Kwa sasa natia pamba sikioni niwapo kazini. Katika sikio la kulia besi bado ipo. Matoazi yamekwenda.

Kaka yako mkubwa

3 Mei

Kaka, shikamoo.

Sijambo kwa kusema tu. Tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Nimemwandikia meneja kwamba nilitia chumvi, kwamba mwongo ni mimi. Kimya. Acha hiyo kazi, kaka. Njoo ukae kwangu, chumba kipo. Rufaa utaiandikia hapa hapa. Nijibu haraka, hata mstari mmoja.

Mdogo wako

30 Julai

Kaka Katibu, shikamoo. Hii ni ya nne bila kuitikiwa.

Nilitaka kukununia, lakini IMETOKA! Majivu Saba imetoka, na leo dukani tulikuwa kama watoto waliofunga shule. Nakala yako nimeituma kwa rejesta. Posta watakuletea hadi mlangoni na utatia sahihi. Barua hii itatangulia.

Maoni yangu sikupi. Nataka yako kwanza, kama zamani. Wimbo wa nne unaitwa Kifua cha Tanuri. Niambie ngoma zake zikoje, nijue sikio lipo. Hilo tu, kaka. Niambie sikio lipo.

Mdogo wako

19 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, mara nne kwa pamoja. Niwie radhi kwa ukimya. Nilikuwa na shughuli za rufaa. Mimi ni mzima wa afya. Nimepewa likizo ndefu kiwandani, hivyo nina wasaa.

Kifurushi nimekipokea salama, nami natoa tamko langu. Majivu Saba ni kazi ya watu waliokomaa katika hasira yao. Kifua cha Tanuri chaanza kwa matoazi membamba, kama mtu amwagaye misumari juu ya bati, kisha ngoma zaingia moja moja, bila pupa, hadi msikilizaji ajikute amezingirwa. Nimekirudia mara sita. Sikio la kulia lilifuata kila pigo.

Basi, ondoa wasiwasi. Ule vizuri.

Kaka yako mkubwa

28 Agosti

Kaka,

Leo salamu zangu ni fupi. Kifurushi kimerudi. Kiko hapa mezani kwangu, gundi haijaguswa.

Tarishi wa posta amejaza fomu vizuri, ungeupenda mwandiko wake. "Tarehe 12: nimebisha, hakuna jibu. Tarehe 15: nimebisha na kuita, hakuna jibu. Tarehe 19: nimebisha, nimeita, nimegonga dirisha. Mtu yumo ndani, amenipa mgongo, anaandika. Haitiki."

Tarehe kumi na tisa, kaka. Najua ulichokuwa ukiandika.

Nimepiga simu kiwandani. Msimamizi hakuwa na utani safari hii. Kasema walikuondoa kazini tangu Juni, king'ora cha hatari kilipolia wote wakatoa mikono mtamboni isipokuwa wewe, na mwenzako akakuvuta shati. Rufaa hakuna aliyeifungua.

Nimeusikiliza tena wimbo wa nne, nikiyatafuta yale matoazi yako. Hayamo. Ulichokiandika ni kizuri kuliko walichokipiga.

Sina hasira nawe. Jumamosi nakuja kukuchukua, kwa basi la asubuhi. Sitabisha. Usitie komeo, na kiti chako kigeuze kiutazame mlango.

Mdogo wako