Vyuo vitatu vya Bunju

Wafa, nimetoka kikaoni sasa hivi. Nimemuumbua bosi wangu Eliaichi mbele ya wajumbe wote wa mtaa.

Kilikuwa kikao cha kuamua chuo cha ufundi kijengwe wapi. Eliaichi kaonyesha ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiongezea alama. Anasema Bunju tayari ina vyuo vitatu, kwa hiyo chuo kipya kiende Mbezi Beach.

Vitatu! Mie nimezaliwa hapa. Mdogo wangu Sekela yuko nyumbani mwaka wa pili tangu amalize kidato cha nne, kwa sababu hakuna chuo cha karibu.

Ramani hiyo niliiona ofisini mapema, kwa hiyo jana nilivifuata vyote kwa miguu. Kimoja ni banda la kuku. Kingine mihogo mitupu. Nilipouliza cha tatu, mama wa genge la mboga akanicheka: "Chuo? Labda cha mbuzi."

Nikafungua historia ya ramani. Vyote vitatu vimewekwa siku moja, na akaunti moja. Ya Eliaichi!

Leo nikamuuliza palepale kikaoni. Akatabasamu: "Sista, ramani haidanganyi."

Nikamwambia, "Sawa kaka. Na aliyeichora?"

Mzee Revelian, mmoja wa wajumbe, kacheka mpaka kakohoa. Mwenyekiti kaahirisha, kesho wanakwenda kuviona wenyewe.

Sijui Eliaichi ana kiwanja Mbezi au ametumwa. Ila si kosa la bahati mbaya, hilo nakuapia.

Sasa kanitumia ujumbe: niombe radhi kwenye grupu la kazini kabla ya saa kumi, la sivyo kazi sina.

Siombi radhi. Kazi abaki nayo.