Mashine Ilisema Imehifadhiwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko kwa shangazi, na kwamba mgongo wake umepata nafuu. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini nguvu za kunigombeza bado anazo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Ukiona mwandiko umepinda, jua ni mkono uliozoea kompyuta, siyo ule uvivu ulionichapia zamani.

Najua Alhamisi saa nne kamati ya hospitali inakaa kuamua kama utarudi wodini au utavuliwa sare moja kwa moja. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichana barua hii, maana mkono wako naujua ulivyo mwepesi.

Unakumbuka kompyuta za wodini zilivyokuwa. Ulikuwa ukirudi nyumbani ukilalamika kwamba ukibonyeza jina la mgonjwa unaweza kwenda kufunga kidonda ukarudi, na jina bado halijafunguka. Mkuu wangu wa kitengo akaniambia nitafute dawa. Nilipoifungua seva nilikuta ugonjwa uko kwenye diski, zile za zamani za sahani zinazozunguka, kazi zimepanga foleni mbele yake kutwa nzima. Nikachagua diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka ndani, nikachagua na kadi ya kuzisimamia, ambayo sisi mafundi tunaiita kontrola. Nilisoma wiki tatu kabla ya kuchagua. Uchaguzi wenyewe haukuwa na kasoro, na hilo nalisema hadi leo.

Kontrola ile ina kumbukumbu yake ndogo. Wewe ukiandika, inapokea maandishi yako, inakujibu hapo hapo kwamba yamehifadhiwa, halafu ndipo inayapeleka kwenye diski kwa nafasi yake. Kasi yote inatoka hapo. Lakini umeme ukikatika katikati, yaliyo mkononi mwake yanapotea, isipokuwa kama ina betri yake, kitu kidogo kama kiberiti, cha kuyashikilia mpaka umeme urudi. Kontrola ilifika, betri haikufika. Bila betri, kontrola yenyewe hukataa kufanya mchezo huo, inaandika polepole lakini kwa uhakika. Mkuu akasema Jumatatu mganga mkuu anakuja kuona majaribio, na habari za betri hataki kuzisikia. Kuna mahali pa kuilazimisha. Nikailazimisha.

Jumatatu watu walipiga makofi. Nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikakaza shingo kisije kikadondoka. Wewe mwenyewe uliwaambia wenzako kwamba huyo wanayemwita Bwana Waya ni mdogo wako, tumbo moja. Na kwa kuwa mashine sasa ilikuwa na kasi, wiki ile ile waliondoa madaftari wodini.

Halafu ikaja siku ile. Umeme ulikatika saa saba na robo mchana, na betri kubwa ya chumba cha seva ikazima kabla jenereta haijashika. Dakika sita baadaye kila kitu kilikuwa kimerudi, nami nikajisifu. Wewe ulikuwa umeshamchoma mzee wa kitanda cha nane sindano yake ya kushusha sukari na kuandika. Mwenzako aliyekupokea zamu saa nane aliona hakuna kilichoandikwa, akamchoma tena. Mzee akapoteza fahamu, akalala siku mbili hajitambui. Namshukuru Mungu kwamba alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Ulisema uliandika. Ulisema mashine ilikuonyesha neno lile, "Imehifadhiwa". Wakubwa walitazamana. Hata Mama alikwambia pengine ulichoka, ukubali tu yaishe. Wakaniita mimi, fundi, wakaniuliza kama mashine inaweza kusahau. Ulikuwa umeketi mbele yangu unanitazama, na nilijua unachosubiri. Nikajibu kwamba mashine haisahau.

Dada, uliandika. Nimeifungua kompyuta ya wodi yenu nikakuta imebaki na alama zake: ilituma maandishi yako saa saba na dakika kumi na nne, na ikajibiwa kwamba yamehifadhiwa. Kwenye diski hayapo. Hukusahau, hukuchoka, na hukusema uongo. Mwongo nilikuwa mimi.

Na hilo silo baya kuliko yote. Betri ile ilifika siku kumi kabla ya umeme kukatika. Ilikuwa kwenye droo yangu, ndani ya boksi lake. Kuiweka kulihitaji kuzima seva kwa nusu saa, nami niliona haya kuomba kuizima mashine niliyosifiwa kwayo. Kila siku nilisema kesho. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokula kazi yako kilikuwa kinakula nawe meza moja.

Leo asubuhi nimempelekea mganga mkuu maelezo yote, yenye sahihi yangu, pamoja na betri. Aliishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama ni hiyo tu. Nikamwambia ni hiyo tu. Ameniagiza nisikanyage kazini mpaka Alhamisi, nije kuyasema mbele ya kamati, na wewe uwepo. Mkuu wangu hanisalimii tena. Yatakayonipata siyajui, na naogopa sana, lakini sikuombi unitetee.

Mama nilimwambia jana. Hakunigombeza hata neno moja, na hapo ndipo nilipoumia. Aliinuka, akaitoa sare yako sandukuni, akaipiga pasi mara mbili, akaitundika mlangoni pa chumba chako. Ameniambia nikuandikie kwamba yeye naye ana la kukuomba radhi, ila atalisema kwa mdomo wake.

Nisalimie shangazi na wote wa hapo. Ukiweza, njoo Jumatano. Usiponisalimia nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, niliyesema mashine haisahau,

Bwana Waya