Plasta ya Kaka Ismat katika Mwezi wa Ramadhani

Mtaa wa Maseremala,
Dumyati, Misri.
24 Machi 2025

Mpendwa Dada Tahani,

Amani ya Mungu iwe juu yako na wote walio chini ya paa lako. Saumu inakwendaje huko Kuwait? Mama anauliza kila siku kama goti lako linakuruhusu kusimama tarawehe, nami humjibu kwamba linakuruhusu, ili ale daku kwa amani. Niandikie ukweli wake.

Sisi ni wazima, isipokuwa mkono wa Mama ulioungua na shingo yangu yenye alama za vidole. Usishtuke. Najua umesikia mengi kwa simu, tena kila mtu na lake, ndiyo maana naandika mambo yalivyofuatana.

Kabla ya Ramadhani vidole vya mguu wa kushoto wa Kaka Ismat viligeuka rangi ya zambarau. Daktari alisema mishipa ya damu imebana kwa sababu ya sigara, na akamwekea sharti: asiguse sigara hata moja mpaka atakapompima tena kabla ya Idi. Akivuta, mguu utakatwa. Akampa plasta za nikotini za kubandika begani kila asubuhi, na chingamu ya dawa ya kutafuna hamu ikimzidi. Kaka alikubali. Mchonga samani asimame kwa mguu mmoja?

Mwezi ulipoandama, akageuka mnyama. Asubuhi alikuwa mtu, lakini ikipita adhuhuri hakuna aliyethubutu kumpitia karibu. Alimtupia fundi wake patasi ikakwama mlangoni. Alilipasua kwa shoka kabati la bibi harusi lililokwisha kupakwa rangi, eti droo yake inalia.

Halafu Zaghlul, yule fundi wa kupaka vanishi asiyejua kufunga mdomo, akamtania mbele ya karakana nzima: "Mzee Ismat, kweli wanakuziba viraka kama tairi la baiskeli?" Kaka alikuwa ameshika mguu wa kiti aliokuwa akiuchonga. Alimpiga nao mdomoni. Zaghlul akatema meno kwenye pumba za mbao, na Kaka akamwambia, "Haya, nenda nawe ukazibwe!" Hakuna aliyecheka.

Nilianza kufikiri kuwa dawa ndiyo inayomtia wazimu. Majirani wakasema afadhali apewe sigara yake kabla hajaua mtu. Nakiri nami niliyumba. Shemeji Insaf alikataa katakata. Alisema, "Anipige atakavyo, majeraha yangu yatapona. Mguu ukikatwa hauoti."

Siku ya msiba wenyewe tulikuwa tunasubiri adhana ya magharibi. Insaf alikuwa ameshaweka mchuzi wa mlokhiya na bata mezani. Kaka akanikaba koo, akanisukuma hadi ukutani na kudai sigara ya kufuturia. "Itoe, Wagdi! Najua unayo! Itoe, la sivyo nitakung'oa ulimi!" Mimi sijawahi kuvuta maishani mwangu, nawe unajua. Mama alipomshika shati, Kaka alijipinda, meza ikapinduka, na mchuzi wa moto ukammwagikia Mama mkononi. Mama akapiga yowe. Hapo Insaf akachukua nyundo ya mbao na kumpiga mumewe kichwani.

Alianguka kama gunia. Tulipomvua shati lililolowa damu, nikaona bega tupu.

"Plasta iko wapi?" nikamuuliza alipozinduka.

Akanikazia macho kama mimi ndiye mjinga. "Nimefunga mimi! Unataka niingize dawa mwilini mchana kweupe?"

Dada, alikuwa akiibandua kila siku wakati wa daku na kuirudisha baada ya futari! Alipokuwa akilala, dawa ilikuwa kazini. Alipoamka na kushika patasi, hana kitu.

Tulimfunga kichwa kwa kilemba cha marehemu Baba tukamburuta hadi kwa Sheikh Abdulmuti. Sheikh akasema, "Ngozi si mdomo, Ismat. Plasta haibatilishi saumu, ivae. Chingamu ndiyo usiitafune mpaka ufuturu. Ama kumvunja mwenzio meno na kumuunguza mama yako ukiwa umefunga, hilo mbona hukuja kuniuliza?"

Kaka alilia njia nzima. Tangu siku hiyo anaivaa mchana. Sitakudanganya kwamba amekuwa malaika, juzi ameivunja redio, lakini hapigi watu tena. Mkono wa Mama anaufunga yeye mwenyewe. Jana daktari aliubonyeza mguu wake, akatabasamu: damu inapita. Hatakatwa, mradi asirudie.

Sasa ninalo ombi. Mwanao Sharif anakuja Idi, na desturi yetu ni kwamba anayerudi kutoka Ghuba huwaletea wanaume wa nyumba katoni ya sigara. Safari hii asilete hata pakiti. Insaf ameapa kwamba atakayeingia nayo atatoka na bendeji kichwani, hata awe mjukuu wa nyumba hii.

Mama anakubusu machoni. Insaf na Kaka Ismat wanakusalimu. Msalimie Shemeji Lutfi na mabinti. Mungu akuponye goti, azipokee saumu zenu, na amfikishe Sharif salama hadi mlangoni kwetu. Kutoka mlangoni hadi ndani, itategemea alichobeba.

Ndugu yako akupendaye daima,
Wagdi