Gia ya Baba Mkwe Inaniangushia Mnyororo

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nimefika mahali namdanganya mtu aliyenitendea mema.

Mimi ni mkunga, nazunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba, na mwaka huu baba mkwe wangu, fundi baiskeli mstaafu, aliponiona nasukuma baiskeli mlimani jasho likinitiririka, alikwenda kwenye baiskeli yake mwenyewe, ile asiyomwazima mtu, akafungua kile kifaa cha mbele kinachohamisha mnyororo kutoka gia kubwa kwenda ndogo, akanifungia mimi, nami nikalia kwa furaha kwa sababu sijawahi kutendewa hivyo hata kwetu, lakini mshauri, tangu siku hiyo kila nikihamia gia ndogo mnyororo unadondokea ndani, nikikaza skrubu unatulia siku mbili halafu yanarudi yale yale, na nimegundua kibano chake ni kikubwa kuliko bomba la fremu yangu, ndiyo maana alilizungushia kipande cha tyubu kuukuu, naye kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, inapanda vizuri?" nami namjibu, "Kama mpya, baba," na juzi nilifika kwa mama aliyeshikwa na uchungu mikono yangu imejaa grisi, nikakuta mtoto ameshatoka, jirani ndiye aliyempokea, wote wazima namshukuru Mungu, ila tangu hapo sina amani. Nikimwambia nitamvunja moyo, nikinyamaza ipo siku nitachelewa vibaya. Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Shukrani

JIBU

Mkwe, kwanza hongera. Wenzako wananiandikia kuhusu wakwe wasioitikia hata salamu, wewe wako anavua gia yake akuvishe. Shukrani yako naiona na imenigusa. Ila kumshukuru mtu si kumficha ukweli huku kina mama wanajifungua bila mkunga. Hapo umenikera, nakwambia wazi.

Nilikuwa fundi baiskeli miaka tisa kabla ya kuanza kujibu barua, kwa hiyo nisikilize. Acha hizo skrubu kwanza. Ule mpira wa tyubu unabonyea, kifaa kinajizungusha, utakaza mpaka uchoke. Toa huo mpira, weka ukanda mwembamba wa bati ujaze nafasi, au tafuta kibano kinachoenea bomba lako. Kisha pandisha kifaa mpaka bamba lake la nje lipite juu ya meno ya gia kubwa kwa unene wa sarafu, na ukichungulia kutoka juu, bamba na gia viende sambamba. Ndipo uguse skrubu: mnyororo ukae gia ndogo mbele na kubwa kabisa nyuma, waya wa gia ulegee, urekebishe skrubu ya kuzuia upande wa ndani mpaka bamba la ndani liwe karibu na mnyororo bila kuugusa. Halafu kaza waya, umalizie na skrubu ya upande wa nje.

Lakini usifanye peke yako, wala usikimbilie fundi mwingine kwa siri. Hebu nikuulize: fundi aliyeridhika na kazi yake anaiulizia kila jioni? Mimi sikuwahi. Mzee anajua ule mpira ulikuwa wa kubahatisha, na anangoja wewe umwambie. Leo akiuliza, mjibu, "Baba, inaangusha mnyororo, njoo tuifunge upya." Halafu mpe spana, wewe umshikie baiskeli.