Wamemnyima Mjukuu Jina Lako

Mama,

Una mjukuu. Mke wa mwanao Wekesa alijifungua wiki jana, msichana mzima mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Nilitaka nikuandikie kwa furaha. Badala yake nakuandikia kwa hasira.

Tulikuwa tumekubaliana mtoto aitwe Nanzala, jina lako. Shangazi, dada yake Baba, amekataa. "Hilo jina msirete hapa," alisema mbele ya wakwe. "Damu ya kwao inakulanga watu, inawamaliza."

Haya yalianza siku ya kunyoa nywele, baada ya kukuzika, watu walipouliza umekufa na nini. Wekesa akajibu ni saratani ya damu, iliyotokana na jeni kuharibika. Shangazi akalidaka hilo la jeni, na kwake jeni ni ukoo tu. Nikainuka kueleza, nikaambiwa niketi, wazee bado wanaongea. Mimi, mwalimu wa bayolojia.

Wewe ulinielewa pale kitandani, ukinywa uji kwa shida. Nilikwambia ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyopokezana ujumbe mpaka kwenye jeni, ndipo jeni ziamke au zilale. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya hunyamaza. Chako kimoja, kwa sababu jeni yake iliharibika, kilikataa kunyamaza, kikawa kinaziamuru seli zizidi kugawanyika bila kupumzika. Ulicheka mpaka ukakohoa: "Kumbe niko na shangazi yako ndani ya damu, hanyamazi!"

Nikakwambia pia kwamba kosa hilo lilitokea ukubwani, katika seli moja tu ya uboho, ndani ya mfupa. Hukuzaliwa nalo. Hukuturithisha. Ukanishika mkono: "Kwa hivyo watoto wangu wako salama?" Nikasema ndiyo. Ulilala vizuri siku hiyo, Mama. Na sasa wanathubutu kusema ulituachia ugonjwa.

Kinachoniuma zaidi ni Wekesa. Ameanza kuamini. Jana nilimkuta amesimama mlangoni anamtazama binti yake kwa mbali, hataki kumbeba. Anaona damu yake ndiyo imemharibu. Nilitoka nje nikalia.

Kesho watu wanakuja kumwona mtoto. Nitamweka mikononi mwa baba yake, nitaeleza yote mbele ya shangazi na wakwe, kisha nitamwita Nanzala. Wakasirike wakitaka. Nakuahidi.

Kwaheri, Mama. Kuanzia kesho, nikiita jina lako katika nyumba hii, kutakuwa na mtu wa kuitika, hata kama ni kwa kulia.