Meno Thelathini na Manne

Fundi Marwa,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu salamu zingekuwa unafiki. Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike kule Busawe, na bado watu wanakuja hapa kibandani Mugumu kunipa pole na kuniambia ni mipango ya Mungu. Naitikia amina. Moyoni nasema Mungu msimsingizie, mkono ule wa gia wa baiskeli yako tuliulazimisha sisi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, mkono wa gia, kina kiwango chake. Kile kifupi kinaishia spoketi ya meno ishirini na manane, hukipi ya thelathini na manne hata mteja alie machozi. Miaka mitatu ulinisimamisha mbele ya gurudumu nihesabu meno kwa kidole, kwa sauti, wateja wanacheka. Nikikosea jino moja, naanza upya. Mteja akilazimisha, ulisema, mfukuze.

Haya. Ulipolazimisha wewe, ningekufukuza uende wapi, na kibanda ni chako?

Ulileta ile seti ya spoketi za mtumba kutoka Sirari, umeifunga kwenye gazeti, furaha tele kama bwana harusi. Nikahesabu. Thelathini na manne. Nikakutazama, ukatazama pembeni. Goti lilikuwa linakuuma na hukutaka mtu ajue. Vijana wa bodaboda walikucheka ukisukuma baiskeli kwenye mlima wa kwenu, ukaona bora gia nyepesi kwa njia yoyote. Nikasema, kama mtoto kwa baba yake, "Tata, mkono huu hautafika." Ukasema, "Kaza skrubu ya huo mkono mpaka mwisho. Itazoea." Itazoea! Chuma kinazoea nini? Nikakaza. Cheni ilipopanda spoketi kubwa ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nami nikafunga mdomo, eti heshima. Nikakukabidhi baiskeli kwa mikono miwili.

Ulifika katikati ya mlima ukaweka gia nyepesi. Mkono ukavutwa, ukaingia kwenye spoku, gurudumu likakwama, ukaangukia barabarani lori likiwa linapita. Nimeuona huo mkono wa gia ulivyopinda. Sihitaji mtu wa kunieleza.

Juzi mkeo aliileta baiskeli. Anataka niitengeneze vilevile ulivyoiacha, binti yenu Robi awe anaiendesha kwenda kazini. Vilevile! Nilitamani kunyamaza tena, maana ulinizoesha vizuri. Lakini nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia yote, meno, skrubu, na kwamba aliyekaza ni mimi. Hakulia. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa, akasema, "Na wewe ulijua, Ghati?" Nikasema nilijua. Akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mama wa watu alikuwa ananiita mwanangu, Fundi. Hata hilo umenipotezea.

Ile seti yako nimeing'oa, nimeipiga nyundo mpaka haifai kwa baiskeli yoyote. Baiskeli ya Robi nimeifungia mkono mwingine na spoketi ya meno ishirini na manane. Akishindwa na mlima atashuka asukume, na anayetaka kucheka acheke.

Nakuaga, Fundi. Nakupenda, na hasira haijaisha, wala sijui itaisha lini. Lakini ahadi yangu ndiyo hii: mtu yeyote akija hapa na spoketi isiyopatana na mkono wake, awe na mvi kiasi gani, nitamwamkia shikamoo, halafu nitakataa. Laiti ningekukatalia na wewe siku ile. Ungeninunia mwezi mzima, ukatae hata chai yangu, na ungekuwa hai.

Ghati